Doria Huanzia Kwenye Jalada

Mwaka 1994 Pori la Akiba la Selous, kusini mwa Tanzania, liliruhusiwa kubaki na nusu ya mapato yake badala ya kuyapeleka yote Hazina na kusubiri mgawo wa bajeti. Fedha hizo, ambazo sehemu kubwa ilitokana na uwindaji wa kitalii, zilinunua mafuta na vipuri, zikalipa posho za askari, zikafungua barabara za doria. Tembo wa Selous, ambao katikati ya miaka ya 1970 walikadiriwa kuzidi laki moja na ambao ujangili wa miaka ya 1980 uliwapunguza hadi chini ya 30,000, wakaanza kuongezeka tena, na sensa ya mwaka 2006 katika mfumo ikolojia wa Selous na Mikumi ikakadiria zaidi ya 70,000. Katikati ya muongo huo utaratibu wa kubakiza mapato ulikoma, na msaada wa Ujerumani uliokuwa umekwenda sambamba nao ukafikia ukomo wake. Sensa ya mwaka 2009 ilikadiria tembo wasiofika 40,000. Ile ya mwaka 2013 ilikadiria 13,084. Mwaka uliofuata Selous iliingizwa katika orodha ya maeneo ya urithi wa dunia yaliyo hatarini.

Sidai kwamba mabadiliko ya utaratibu wa fedha peke yake ndiyo yaliyowaua tembo hao. Katika miaka hiyohiyo bei ya meno ya tembo barani Asia ilipanda, mitandao ya biashara haramu ikajizatiti, na tembo waliuawa kwa wingi katika nchi nyingine ambazo hazikuwa na utaratibu wa aina hiyo wala hazikuufuta. Ninachodai ni kwamba ujangili uliikuta Selous ikiwa na magari machache yanayotembea na askari wachache waliowezeshwa kukaa porini, na kwamba hali hiyo ilitengenezwa ofisini, kwa nyaraka zenye saini halali, na watu ambao pengine hawakuwahi kumwona jangili hata mmoja. Nimekaa miaka mingi upande wa utawala katika ofisi ya serikali ya wanyamapori, na kila ninaporudi kwenye takwimu hizo ninaona kazi yangu ndani yake. Makala haya yana hoja moja: nafasi ya meneja utawala katika ofisi ya wanyamapori ni nafasi ya uhifadhi kamili, na serikali inayoijaza, kuipima na kuisimamia kana kwamba ni nafasi ya ofisi yoyote nyingine inapoteza wanyama kwa uamuzi huo.

Watafiti waliochapisha makadirio ya kimataifa mwaka 2022 walihesabu watu wapatao 555,000 wanaofanya kazi katika maeneo yaliyohifadhiwa duniani, na kati yao askari wa uhifadhi walikuwa wapatao 286,000. Karibu nusu ya watumishi wa sekta hii, kwa hiyo, wana kazi nyingine. Hata hivyo, mijadala ya hadhara kuhusu wanyamapori humzungumzia askari mwenye bunduki, mtafiti mwenye darubini na mtalii mwenye kamera, na nusu hiyo nyingine haitajwi mpaka ripoti ya ukaguzi itoke. Ukimya huu unafika hadi kwenye ajira. Meneja utawala huletwa kutoka wizara nyingine kwa barua ya uhamisho, hupewa funguo na majalada, na hutarajiwa aendeshe ofisi kama alivyoendesha ile aliyotoka, iwe ya elimu, ya maji au ya ardhi. Sheria za utumishi ni zilezile, kanuni za manunuzi ni zilezile, fomu za likizo hazitofautiani. Kinachotofautiana ni gharama ya kuchelewa.

Marekani iliitambua hatari hii mapema na ikaiwekea kinga ya kisheria. Sheria ya Pittman–Robertson, iliyotiwa saini na Rais Roosevelt tarehe 2 Septemba 1937, ilielekeza kodi ya bunduki na risasi, ambayo kwa bunduki ndefu ni asilimia 11, kwenye urejeshaji wa wanyamapori katika majimbo. Jimbo linaweza kurudishiwa hadi asilimia 75 ya gharama za miradi iliyokubaliwa, na mgawo wake hukokotolewa kwa ukubwa wa eneo la jimbo pamoja na idadi ya watu waliolipia leseni za uwindaji. Hata hivyo, hakuna jimbo linalopata senti moja mpaka liwe na sheria inayozuia mapato ya leseni za wawindaji kutumika kwa jambo lolote nje ya uendeshaji wa idara yake ya wanyamapori. Mtu wa utawala akilisoma sharti hilo huelewa mara moja uzito wake. Hesabu ya leseni, kazi ya karani ambayo hakuna anayeipigia makofi, ndiyo inayoamua kiasi cha fedha kitakachorudi, na gavana akijaribu kuchota mapato ya leseni kujaza pengo la barabara au la shule, jimbo zima linajiweka katika hatari ya kukosa mgawo wake. Selous haikuwa na ukuta wa aina hiyo. Utaratibu wake ulitegemea uamuzi wa kiutawala, na uamuzi wa kiutawala ulitosha kuufuta.

Meneja mmoja hawezi kujenga ukuta wa kisheria. Anaweza, hata hivyo, kuijua kalenda, na hapa ndipo ninapoona hasara kubwa zaidi isiyosemwa. Tanzania, Kenya na Uganda huanza mwaka wa fedha tarehe 1 Julai. Katika sehemu kubwa ya Tanzania, Julai imo katikati ya kiangazi kinachoanzia Juni hadi Oktoba, wakati ambapo mabwawa hukauka, wanyama hukusanyika kwenye maji machache yaliyobaki, nyasi huwa tayari kushika moto, na njia zilizokuwa matope hupitika na kila mtu, mwenye nia njema na mwenye nia mbaya. Msimu wa uwindaji wa kitalii nao hufunguliwa tarehe hiyohiyo. Huu ndio wakati ambao ofisi inahitaji kila gari na kila askari, nao ndio wakati ambao hesabu za mwaka uliopita zimefungwa tarehe 30 Juni, salio limerudishwa, bajeti mpya imepitishwa lakini fedha za robo ya kwanza hazijashuka, na mzabuni wa mafuta ana ankara za Mei ambazo hazijalipwa. Mkono wa ofisi huwa mtupu katika majuma ambayo kazi ni nzito kuliko yote.

Aliyetoka ofisi ya mjini huliona pengo hilo kama usumbufu wa kawaida wa mwanzo wa mwaka. Anayelijua pori hulipangia tangu Februari. Huhakikisha vipuri vinavyokatika mara kwa mara, springi, betri, matairi na vichujio, vimepokelewa bohari kabla ya Mei kwisha. Hufunga mapema mikataba ya bei na wazabuni ili Julai isiwe mwezi wa kutangaza zabuni. Huandaa orodha ya likizo inayowapumzisha askari wengi iwezekanavyo wakati wa mvua za masika, ingawa si wote, kwa kuwa mitego ya nyaya hutegwa pia mvua zinaponyesha na watega mitego wanajua wazi kwamba magari yamekwama. Orodha ya likizo inayoonekana kuwa karatasi ya kawaida kwenye ubao wa matangazo ni, kwa mtazamo huu, ramani ya ulinzi wa miezi sita ijayo. Niliwahi kuipokea ofisi ambayo theluthi ya askari wake walikuwa likizo mwezi Agosti, kwa sababu tu mtangulizi wangu alitaka siku zote za likizo ziishe kabla ya hesabu za rasilimali watu kuombwa. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa ametimiza kanuni bila kuuliza Agosti ina maana gani porini.

Mambo ya manunuzi nitayapita haraka, isipokuwa viatu. Fomu ya maombi ikiandikwa tu "viatu vya doria, jozi kadhaa", atashinda mwenye bei ndogo, na viatu vyake vitafunguka soli katika mwezi wa pili. Sifa za kiatu, aina ya soli, urefu wa shingo yake, uwezo wa kukauka upesi baada ya kuvuka mto, zinapaswa kuandikwa na mtu aliyekaa na askari wenye uzoefu na kuwasikiliza, kisha zikawekwa katika nyaraka za zabuni kwa lugha ambayo kamati ya tathmini haiwezi kuipuuza. Askari mwenye kiatu kibovu hutembea kilomita nane mahali ambapo ramani ya doria inataka ishirini, na hakuna taarifa itakayosema ni kwa nini.

Kuhusu watu nina mengi zaidi ya kusema. Posho ya askari aliye katika kituo cha mbali huchelewa kwa sababu ambazo zikitazamwa moja moja ni ndogo: orodha ya mahudhurio haikufika kwa kuwa gari lililopaswa kuileta liliharibika, jina moja halilingani na lile lililo kwenye mfumo wa mishahara, aliyetakiwa kuidhinisha yuko safarini na hakuacha barua ya kukaimisha. Kila sababu ina maelezo yake, na mwisho wa maelezo yote ni mtu mwenye silaha ya serikali, aliye peke yake na wenzake wanne, ambaye nyumbani kwake ada haijalipwa. Sisemi kwamba umaskini humfanya mtu kuwa mwizi. Nimefanya kazi na watu waliodaiwa miezi kadhaa na hawakukubali hata kilo moja ya nyama ya porini. Nasema kwamba wanaonunua meno ya tembo na pembe za faru hujua nani amecheleweshewa stahiki zake, hujua kabla ya makao makuu kujua, na humfikia wakiwa na kiasi kilekile anachoidai ofisi. Meneja anayelipa kwa tarehe iliyotangazwa amefunga mlango ambao askari wa intelijensia wangehitaji miezi kuufunga.

Jambo jingine la watu ni kumbukumbu za wategemezi. Kijana huajiriwa akiwa na miaka ishirini na mitatu, hana mke wala mtoto, hujaza fomu akiandika jina la mama yake, na fomu hiyo huwekwa kwenye jalada binafsi, isiguswe tena. Katika ofisi niliyoitumikia, askari mmoja aliuawa kazini baada ya miaka kumi na miwili ya utumishi. Mama aliyemwandika alikuwa amefariki zamani, mjane wake na watoto watatu hawakuwamo popote kwenye kumbukumbu zetu, na mafao yalichukua muda mrefu kuliko mwaka kufika mikononi mwao, muda ambao mjane huyo alitumia kuthibitisha mambo ambayo sisi wote ofisini tuliyajua kwa macho yetu. Tuliyajua, lakini hatukuwa tumeyaandika. Tangu hapo nilihakikisha kila Januari kila mtumishi, kuanzia mkuu wa kituo hadi mpishi wa kambi, anapitia taarifa zake za familia, anazirekebisha na kuzitia saini. Zoezi hilo linahitaji siku mbili kwa mwaka. Bado ninaona uchungu kwamba tulilianza tukiwa tumechelewa.

Chumba ambacho utawala na uhifadhi huwa kitu kimoja kabisa ni ghala la nyara. Humo hukaa meno ya tembo yaliyookotwa porini kutoka kwa wanyama waliokufa wenyewe, yaliyokamatwa mikononi mwa majangili, ngozi, pembe, silaha na vielelezo vya kesi ambazo hazijaamuliwa. Azimio la nchi wanachama wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, uliosainiwa Washington tarehe 3 Machi 1973 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 1975, linaelekeza kwamba meno mazima ya ukubwa wowote, pamoja na vipande vyenye urefu wa sentimita 20 au zaidi na uzito wa kilo moja au zaidi, yawekwe alama inayoonyesha herufi mbili za nchi, tarakimu mbili za mwisho za mwaka, namba ya mfululizo na uzito. Kanuni hiyo ni rahisi kusoma. Kuitekeleza kunataka mtu anayekataa kupokea jino lisilo na namba, hata aliyelileta akiwa ni bosi wake, hata saa zikiwa ni saa nne usiku na askari wakiwa wamechoka.

Rejista ya ghala ina maadui wengine mbali na jangili. Meno ya tembo hupoteza unyevu yanapokaa, hivyo jino lililopimwa likiwa bichi huwa jepesi zaidi miaka kadhaa baadaye, na mkaguzi atakayekuja na mizani yake atakuta upungufu kwenye kila mstari. Asiyejua jambo hilo ataingiwa na hofu na atashawishika kurekebisha tarakimu za zamani ili zifanane na mpya, na akifanya hivyo ameua thamani ya rejista nzima, kwa sababu hakuna tena njia ya kutofautisha unyevu uliokauka na kipande kilichokatwa. Anayejua huacha tarakimu ya kwanza kama ilivyo, huongeza safu ya upimaji mpya yenye tarehe na majina ya waliokuwapo, na huandika maelezo. Kwa mtu wa nje hii ni tofauti ndogo ya uandishi. Mahakamani ndiyo inayoamua kama kielelezo kilichowekwa mbele ya hakimu ni kilekile kilichokamatwa siku ya tukio, kwa sababu wakili wa utetezi huanza na swali hilo: nani alikipokea, lini, alikihifadhi wapi, nani alikuwa na funguo.

Funguo zinapaswa kuwa kwa watu wawili wasioripoti kwa mkuu mmoja, na makabidhiano yafanyike kwa kuhesabu, jino kwa jino, hata kama yanamaliza wiki. Novemba 2014 Uganda iligundua kwamba zaidi ya tani moja ya meno ya tembo ilikuwa haipo katika ghala la mamlaka yake ya wanyamapori. Hayo yalikuwa meno ambayo serikali ilikuwa tayari imeyashinda: doria zilifanyika, watu walihatarisha maisha, mali ikakamatwa, kisha ikapotea ndani ya jengo lenye mlango na kufuli. Kenya, kwa upande wake, ilifanya hesabu ya kitaifa ya meno na pembe mwaka 2015, na tarehe 30 Aprili 2016 ikateketeza tani 105 za meno ya tembo na zaidi ya tani moja ya pembe za faru katika Hifadhi ya Taifa ya Nairobi. Picha za moto ule zilizunguka dunia nzima. Ninachokumbuka mimi ni hesabu iliyotangulia, vidole vilivyoandika namba moja baada ya nyingine, kwa kuwa bila kazi ile hakuna ambaye angeweza kusema kwa uhakika ni nini kilichokuwa kikiteketea wala ni nini kilichobaki.

Nyuma ya ghala kuna kabati ambalo wananchi hulijua vizuri kuliko sisi, lile la madai ya uharibifu wa wanyamapori. Tanzania, kwa mujibu wa kanuni za mwaka 2011 zilizotungwa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009, haikuyaita malipo hayo fidia. Iliyaita kifuta jasho kwa mazao na mifugo, na kifuta machozi kwa majeruhi na vifo, na kiwango cha kifo katika kanuni hizo kilikuwa shilingi milioni moja. Kenya ilichagua njia nyingine; sheria yake ya mwaka 2013 inatamka fidia, inaweka shilingi milioni tano za Kenya kwa kifo na milioni tatu kwa ulemavu wa kudumu, na inaunda kamati katika kila kaunti za kuyapitia madai. Mtu anaweza kubishana juu ya viwango na majina hayo, na nadhani ubishi huo una haki yake, lakini hakuna kiwango kinachomsaidia mtu ambaye jalada lake halisogei. Kenya iliahidi zaidi, na ikajikuta na mrundiko mkubwa wa madai yaliyothibitishwa yasiyo na fedha za kuyalipa. Tanzania iliahidi kidogo, na kidogo hicho nacho kimekuwa kikichelewa.

Ndani ya jalada la dai la mazao kuna vitu vinavyooza. Kanuni za Tanzania zilitaka kujulikana umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi na ukubwa wa eneo lililoharibiwa, usiozidi ekari tano, na vitu hivyo hupimwa shambani, na afisa, akiwa na kipimo mkononi. Tembo wakipita usiku kwenye mahindi, asubuhi nyayo zipo, mabua yaliyovunjika yapo, mipaka ya uharibifu inaonekana. Wiki mbili baadaye ng'ombe wamemaliza masalia, mvua imefuta nyayo, mkulima amelima tena kwa sababu familia yake haiwezi kusubiri ofisi, na afisa anayefika siku hiyo ana njia mbili tu, kumwamini mkulima kwa maneno matupu au kumnyima haki yake. Dai hilo halikuharibikia wizarani. Liliharibika siku ambayo gari la wilaya halikupatikana kwa kuwa lilikuwa kwenye shughuli nyingine, na aliyelipanga kwenye shughuli hiyo ni mtu wa utawala.

Naamini kabati hili lina uhusiano wa moja kwa moja na idadi ya simba waliouawa kwa sumu na tembo waliochomwa mikuki pembezoni mwa hifadhi. Mkulima ambaye alipeleka taarifa mara tatu na hakupata hata barua ya kumjulisha kwamba taarifa imepokelewa, mara ya nne haendi ofisini. Jirani mwenye sumu yuko karibu zaidi. Barua ya kupokea dai, yenye namba ya kumbukumbu na jina la afisa anayelishughulikia, haihitaji kusubiri kibali cha fedha kutoka popote, na meneja utawala anaweza kuamuru itolewe siku hiyohiyo. Nilipoianzisha katika ofisi yetu nilitarajia malalamiko yapungue. Hayakupungua, yaliongezeka, kwa sababu watu sasa walikuwa na namba ya kuulizia, na nilijifunza kwamba ukimya uliotangulia tulikuwa tumeuhesabu kama utulivu.

Wapo watakaosema kwamba sekta hii tayari ina makarani wengi kupita kiasi, kwamba makao makuu hula fedha ambazo zingeajiri askari, na kwamba kumpa meneja utawala hadhi ya mhifadhi ni kuipa meza ushindi mwingine dhidi ya pori. Hoja hii siipuuzi, kwa kuwa nimeona ukweli wake. Nimeona gari la doria likigeuzwa gari la ofisi kwa dokezo la mistari mitatu. Nimeona semina za watawala zikimaliza fungu lililokusudiwa matengenezo ya redio za mawasiliano. Nimeona pia jinsi mfumo wa jeshi usu, ambao Tanzania imeupeleka katika taasisi zake za uhifadhi kwa nia ya kuimarisha nidhamu na mnyororo wa amri, unavyoweza kumpa mtu wa mezani vyeo na sare bila kumwongezea hata siku moja ya kulala katika kituo cha askari. Dawa ya tatizo hilo si kuupunguza utawala hadi ubaki mtu mmoja aliyezidiwa na majalada, kwani ofisi isiyo na utawala hupoteza fedha zilezile kwa njia isiyoacha hata karatasi ya kuonyesha zilikokwenda. Kinachohitajika ni kuubana utawala kwa matokeo ya pori, yaani kumpima meneja kwa vitu ambavyo askari na mwanakijiji wanaweza kuvishuhudia.

Ningeanza na kuteuliwa kwake. Mtu asikabidhiwe ofisi ya utawala ya wanyamapori kabla ya kukaa angalau mwezi mmoja katika vituo vya nje, wakati wa kiangazi, akilala mahali wanapolala askari, akihesabu lita za maji zinazoletwa, akiona redio inafika wapi na haifiki wapi, akiandamana na afisa anayekwenda kupima shamba lililovunjwa. Baada ya hapo arudi kila mwaka, hata kwa siku chache. Shahada ya utawala wa umma ni muhimu nami nina ya kwangu, lakini haifundishi kwamba ombi la gurudumu la akiba kutoka kituo kilicho ng'ambo ya mto lina tarehe yake ya mwisho, nayo ni siku mto utakapojaa.

Kisha ningebadili kinachoandikwa kwenye taarifa ya robo mwaka. Kwa sasa utawala huripoti idadi ya watumishi waliopandishwa vyeo, vikao vilivyofanyika, hoja za ukaguzi zilizojibiwa, na kila moja ya hizo ina nafasi yake. Ningetaka ukurasa wa kwanza uwe na tarakimu nne zisizohitaji ufafanuzi: siku zilizopita kati ya ombi la doria na gari kuondoka, siku zilizopita kati ya mwisho wa doria na posho kulipwa, siku kati ya taarifa ya uharibifu na afisa kufika shambani, na idadi ya vitu vilivyomo ghalani vilivyohesabiwa upya na mtu asiyeshika funguo. Hakuna mfumo mpya wa kompyuta unaohitajika. Tarehe zote hizo tayari zimo kwenye majalada, zimepigwa mihuri na masijala, kila moja kwenye karatasi yake, zikisubiri mtu akae jioni moja na kuziweka kwenye safu moja.